Simu ya kukaa na chaji: betri kubwa, betri ya 5000, mtumba, ama ubaki na yako uongeze pawabanki?

Wiki iliyopita saa mbili usiku napigiwa na namba nisiyoijua, kupokea ni shemeji yangu, yuko Mtwapa, ameazima simu ya mwenye duka. Yake imezima. Shemeji ana tuktuk, na siku hio karibu abiria wote walimlipa kwa M-Pesa, kwa hivyo pesa anazo lakini hawezi kuzigusa hata za petroli ya kurudia Bombolulu, hapa Mombasa. Nikamtumia yule mwenye duka, akampa mkononi, akarudi nyumbani salama alhamdulillahi. Tangu siku hio kila tukionana swali ni moja tu, ninunue simu gani ikae na chaji.

Ningemjibu pale pale, lakini wiki hio hio mamangu naye akaniuliza swali lilo hilo, na binamu yangu anayesoma chuo pale Tudor vilevile, na nilipokaa nikafikiria nikaona siwezi kuwapa jibu moja wote watatu. Shemeji hushinda juani na tuktuk tangu alfajiri mpaka baada ya isha. Mamangu hatoki sana Majengo na soketi iko nyuma ya kochi lake. Binamu yuko darasani mpaka jioni, soketi zipo lakini kila moja ina ekstensheni imejaa waya za watu. Sasa ukiingia duka la simu Mwembe Tayari ama Digo Road utaambiwa "hii ni elfu tano, hii ni elfu sita, chukua ya elfu sita", wanamaanisha mAh, kipimo cha ukubwa wa betri, kama kwamba hio namba peke yake inamaliza maneno. Mie naona swali la kwanza si mAh ngapi. Swali la kwanza ni mchana wako unaupitishia wapi, na soketi iko umbali gani na wewe.

Njia ziko nne. Kununua simu mpya ya betri kubwa, yaani 6000 kwenda juu. Kununua simu mpya ya 5000 lakini yenye prosesa nzuri na kioo kizuri. Kununua mtumba wa simu ya daraja la juu, zile wanazoita ex-UK ama ex-Dubai. Ama kubaki na simu yako, ubadilishe betri, uongeze pawabanki. Nitazipima zote kwa mambo yale yale.

Mambo ya kupimia

La kwanza ni kukaa na chaji kwenyewe, na hapa ndo watu hupotea. mAh ni ukubwa wa tangi, basi. Chukua tuktuk mbili zenye tangi sawa, moja injini yake ni mlevi na nyengine inakunywa kidogo kidogo, hazitafika mbali sawa. Injini ya simu ni prosesa. Helio G85, ambayo iko kwenye simu nyingi za bei nafuu, imetengenezwa kwa nanomita 12, Helio G99 ni nanomita 6, na zile za bei ya chini kabisa zenye Unisoc SC9863A ni nanomita 28. Namba ikiwa ndogo, kwa kawaida kazi ile ile hufanywa kwa umeme mdogo na joto dogo. Baada ya prosesa kuna kioo. Kioo cha LCD kina taa nyuma inayowaka yote hata ukiwa unaangalia kitu cheusi, cha AMOLED kila nukta inajiwakia yenyewe na nyeusi ni kuzima, kwa hivyo mwenye AMOLED akieka simu kwenye mandhari meusi anaokoa chaji kweli na mwenye LCD hapati kitu cha maana. Na kioo chochote, ukikipandisha mwangaza mpaka mwisho kwa sababu uko juani, kinakunywa vibaya.

Kisha mtandao, hili watu hawalijui. Simu ikiwa mahali mtandao ni hafifu huongeza nguvu ya kurusha ili ifikie mnara, na inatafuta tafuta kila saa. Nyumba za Mji wa Kale zile zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, ukikaa chumba cha ndani unaona mkia mmoja wa mtandao na chaji inashuka na hujafanya kitu. Kwa hivyo mtu akikwambia simu fulani inakaa siku mbili muulize anakaa wapi.

La pili ni kuchaji, kasi yake. Betri ya 6000 mAh inabeba kama wati-saa 23, yaani wati 23 kwa saa moja. Chaja ya wati 10 hata isipopoteza chochote inataka zaidi ya saa mbili, na kwa vile simu hupunguza kasi ikikaribia kujaa, wewe hesabu saa tatu. Wati 18 ni kama saa mbili na kidogo. Wati 45 unazungumzia kama saa moja.

La tatu, joto, na kwetu sisi pwani hili nalieka juu sana. Betri za lithiamu adui yake mkubwa ni joto. Apple wao wenyewe wanasema simu itumike baina ya nyuzi 0 na 35. Sasa kaskazi ikipiga, Februari na Machi, kivulini tu tuko 32 ama 33, simu iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele cha tuktuk saa saba mchana imeshapita huko zamani. Ikipata moto sana hupunguza mwangaza, hupunguza kasi, na nyengine hukataa kabisa kuchaji mpaka ipoe. Na kila siku ya joto namna hio inaila betri uhai wake.

La nne, betri ikichoka itakuwaje. Kila betri ina mizunguko yake. Apple wanasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya mizunguko 500, na kuanzia iPhone 15 ni mizunguko 1000. Mzunguko mmoja ni kutumia asilimia mia, hata ukizigawanya siku mbili. Mtu anayemaliza chaji yote kila siku, mizunguko 500 ni mwaka na miezi minne mitano. Kwa hivyo si swali la kama itachoka, ni lini, na fundi wako atapata betri nzuri ya kubadilisha ama hatapata.

Na la tano uzito na bei, hayo kila mtu anajua mfuko wake.

Simu mpya ya betri kubwa (6000 mAh na zaidi)

Hapa kuna Tecno Pova, itel za P, na siku hizi hata Redmi wameingia. Mifano ninayoijua vizuri: Tecno Pova 5 ya 2023 ina 6000 mAh na chaji ya wati 45 na prosesa ni Helio G99. itel P40 ya mwaka huo huo nayo ni 6000 lakini prosesa ni ile ya nanomita 28 na chaji ni wati 18. Redmi 15C ya 2025 ni 6000 na wati 33. Na zamani kidogo, 2021, kulikuwa na Tecno Pova 2 ya 7000.

Kukaa na chaji: hapa ndo nyumbani kwao. Mtu wa WhatsApp, kupiga simu, M-Pesa na TikTok ya jioni, siku moja na nusu anaipata bila wasiwasi, wengine mbili. Lakini angalia hao wawili wa 2023, Pova 5 na P40, tangi sawa kabisa 6000 kwa 6000, bado ukiwasha ramani siku nzima hazitakwenda sawa, na pia kioo cha Pova 5 kinajichora upya mpaka mara 120 kwa sekunde, ukikiacha hapo juu kinakula, mie ningekishusha 60 nikasahau. Kwa hivyo hata ndani ya kundi hili usinunue namba, tazama na prosesa.

Kuchaji: inategemea wati tu. Betri kubwa yenye chaja ndogo ni mateso, maana stima ikirudi kwa saa moja kisha ipotee tena umepata asilimia thelathini. Ukiamua betri kubwa hakikisha wati ziko juu, na ile chaja yake ilokuja kwenye boksi itunze, kwa sababu zile kasi za juu mara nyingi hazipatikani kwa chaja ya kuokota.

Joto: nyingi ni LCD, ukiwa juani unapandisha mwangaza mpaka mwisho na bado unakodoa macho. Betri kubwa haizuii joto, lakini ina faida moja ambayo naipenda, huna haja ya kuichaji mchana kwenye jua. Kuchaji na kutumia ramani juani kwa wakati mmoja ndo kunakoua betri, na mwenye 6000 ikiwa alitoka nyumbani imejaa anaweza kulikwepa hilo.

Betri ikichoka: kwa vile huimalizi kila siku mizunguko inakwenda taratibu, hapo imeshinda. Betri zake kwa mafundi zapatikana kwa zile zilizouzwa sana, kwa modeli za pembeni utazungushwa.

Uzito: nzito, na nene. Mamangu aliishika ya jirani akasema hii ni tofali, akairudisha. Bei ni nafuu kwa kile unachopata.

Yamfaa mtu anayetoka alfajiri na kurudi usiku na hana soketi katikati, na anakoishi stima haitabiriki.

Simu mpya ya 5000 yenye prosesa nzuri

Mfano mzuri ni Samsung Galaxy A15 ile ya 4G. 5000 mAh, Helio G99, kioo cha AMOLED, chaji wati 25. Redmi 13C nayo ni 5000 lakini ni Helio G85, kioo cha LCD na wati 18, kwa hivyo kwenye kundi hili hili kuna ngazi, usifikiri kila 5000 ni ndugu.

Kukaa na chaji: siku moja kamili, ukilala bado ina kitu. Ukiwa mwangalifu, mandhari meusi, mwangaza wa wastani, unaingia kesho yake mchana. Haifiki 6000 yenye prosesa hio hio, hilo nalisema wazi, lakini 6000 yenye prosesa mbovu, hii 5000 inaikaribia sana na mara nyengine inaipita. Hio ndo sababu simdharau mtu aliyechagua 5000.

Kuchaji: wati 25 kwa 5000 ni kama saa moja na nusu hivi. Ila A15 boksi yake haina chaja, jamani, waya upo chaja haipo. Watu wananunua simu wanaenda nyumbani wanaichomeka kwenye chaja ya simu ya 2016 kisha wanasema Samsung inachelewa kujaa. Eka pesa ya chaja nzuri kwenye bajeti tangu mwanzo.

Joto: AMOLED inaonekana vizuri zaidi juani na prosesa ya nanomita 6 haipati moto haraka. Kwa mtu wa nje nje lakini si wa siku nzima hapa napaona pazuri.

Betri ikichoka: Samsung za A ni nyingi mno, mafundi wanazijua, na betri zinapatikana. Kisha simu hii iliahidiwa masasisho ya usalama miaka mitano, kwa hivyo ina maana kuibadilishia betri mwaka wa tatu, maana simu yenyewe bado itakuwa hai. Kuna na mpangilio wa kuzuia chaji isipite asilimia 80, ukiwa ni mtu wa kulala na simu kwenye chaja uwashe.

Uzito ni wa kawaida, bei iko juu kidogo ya zile za betri kubwa za chini.

Yamfaa mwanafunzi, mtu wa ofisi, mwenye duka, yaani mtu ambaye soketi ataikuta mahali angalau mara moja kwa siku, na anataka simu ya kukaa nayo miaka.

Mtumba wa simu ya daraja la juu

Hapa vijana ndo wamejaa, na mie siwalaumu. Simu iliyokuwa ya bei mbaya miaka mitano nyuma leo unaipata kwa bei ya simu mpya ya kati, kamera ni nyengine kabisa, kioo ni chengine.

Kukaa na chaji: ilivyotoka kiwandani, ama ulivyoipata wewe? iPhone 11 ya 2019 ina 3110 mAh peke yake na bado ikiwa mpya ilikuwa inakaa siku nzima, kwa sababu prosesa na programu zimefungwa vizuri pamoja. iPhone 13 Pro Max ina 4352 na ni katika simu zinazokaa na chaji sana, inazipita 5000 nyingi. Hapo ndo unaona mAh si kila kitu. Lakini hio ni ikiwa na betri yake nzima. Simu ya mtumba imetumika, imepigwa mizunguko huko ilikotoka, na ikiwa imebaki asilimia 78, ile 3110 imekuwa kama 2400. Ndo unaona mtu ana iPhone na waya kutwa mkononi.

Kuchaji: iPhone 11 inapanda mpaka wati 18 kwa chaja inayofaa, si mbaya kwa betri ndogo kama ile. Kuna jambo la waya pia, iPhone kuanzia 5 mpaka 14 ni Lightning, kuanzia 15 ndo USB-C kama simu zetu nyengine. Nyumba yenye watu sita na waya za USB-C kila kona, wewe peke yako na wako, stima ikirudi usiku wa manane unajua mwenyewe.

Joto: vioo vya zile za OLED, jamii moja na AMOLED, juani ni vizuri mno. Ila betri iliyochoka hupata moto haraka, na simu yenye betri dhaifu huweza kuzima ghafla ikiwa asilimia 20. Ukiona simu inaruka kutoka 30 mpaka 5, hio betri imekwisha, usidanganywe ni programu.

Betri ikichoka: hapa ndo pa kukaa chini. Kwenye iPhone ingia mipangilio, sehemu ya betri, utaona afya ya betri kwa asilimia. Kwenye Samsung programu ya Samsung Members ina kipimo cha betri. Shida ni kwamba ile asilimia ya iPhone inaweza kupikwa, kuna vifaa mafundi wanavyo vya kunakili taarifa za betri, ikaonyesha 100 na betri ni ya mtaani. Kuanzia iPhone XR na XS simu yenyewe huandika kwenye mipangilio kwamba betri haikutambulika ikiwa si ya asili, kwa hivyo lisome hilo andiko pia. Na kipimo ambacho hakidanganyi: pale dukani, kabla hujatoa hata shilingi, pandisha mwangaza mpaka mwisho, weka video, ongea na muuzaji dakika ishirini. Ikishuka asilimia kumi na zaidi, irudishe. Muuzaji mwenye mali safi hatakukataza.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka juzi nilibadilishiwa betri ya simu ya mtumba, nikaambiwa ni original, baada ya miezi mitatu kioo kikaanza kuinuka pembeni, betri imevimba. Betri iliyovimba usiichaji tena, usiibonyeze, usilale nayo karibu, ipeleke itolewe. Mie nilikuwa nimelala nayo chini ya mto siku mbili kabla sijaiona, na nikikumbuka mpaka leo mwili unanisisimka.

Yamfaa anayetaka kamera na kioo kwanza, na chaji ni jambo la pili, na ana pesa ya pembeni ya betri nzuri tangu siku ya kwanza. Wala usihesabu bei ya simu peke yake. Hesabu simu na betri.

Kubaki na yako, betri mpya na pawabanki

Njia hii haina mtu wa kuitangaza dukani kwa sababu hakuna anayepata faida kubwa. Lakini simu ya miaka mitatu inayozima alasiri, mara nyingi simu ni nzima, betri tu ndo imechoka, na betri ni sehemu ndogo ya bei ya simu mpya.

Kukaa na chaji: betri mpya nzuri inakurudisha ulikokuwa ulipoinunua. Juu yake pawabanki. Na hapa nieleze hesabu moja ambayo imewaudhi wengi. Umenunua pawabanki ya 10000 mAh, simu yako ni 5000, unategemea kuijaza mara mbili, inajaa mara moja na nusu kisha inazima, unasema umeuziwa feki. Si lazima iwe feki. Betri za ndani ni volti 3.7, kwa hivyo 10000 ni wati-saa 37. Kutoa kwa waya inabidi ipandishwe kuwa volti 5, na katika kupandisha kuna kinachopotea kwa joto, halafu simu nayo inapoteza chake katika kupokea. Kinachoingia ni kama wati-saa 30, na betri ya 5000 inabeba kama 19. Ndo hio moja na nusu. Ya 20000 itakupa kama mara tatu. Pawabanki ya kweli nyuma ina maandishi madogo yanayosema uwezo halisi wa kutoa, na utaona ni mdogo kuliko ile namba kubwa ya mbele, huo ndo ukweli wake. Na ishike mkononi: ya 20000 lazima iwe nzito, ikiwa nyepesi kama boksi la kiberiti iache hapo hapo.

Kuchaji: una vitu viwili vya kuchaji badala ya kimoja, ukisahau pawabanki usiku huna kitu kesho. Kwa mtu asahauye hii ni kasoro kubwa. Na pawabanki ya 20000 kwa chaja ndogo hulala usiku kucha kwenye stima na asubuhi haijajaa.

Joto: usiiache pawabanki kwenye dashibodi ya gari juani. Ieke chini ya kiti, kivulini.

Betri ikichoka: pawabanki nayo huchoka, lakini ikichoka unabadilisha pawabanki na simu haiguswi.

Uzito uko mfukoni, ni kitu cha ziada cha kubeba na cha kuibiwa. Lakini pawabanki inasaidia nyumba nzima, na hio simu ya elfu sita haiwezi. Usiku ule wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, pawabanki yangu moja ilitia chaji simu tatu za nyumbani, ya mamangu kwanza. Anayesafiri kwa ndege pia ajue, ya 20000 ni wati-saa 74, iko chini ya 100 ambayo ndo kiwango cha kawaida kinachokubaliwa, ila uibebe mkononi usiitie kwenye begi la chini.

Kuna na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ambayo mie naihesabu ndani ya njia hii. Nokia 105 ya 2023 ina betri ya 1000 mAh tu na bado inakaa siku nyingi kwa sababu haina cha kula. Laini yako ya M-Pesa ikikaa humo, piga *334# na pesa zako unazipata hata simu kubwa ikiwa imekufa.

Yamfaa mwenye simu ambayo bado haimsumbui kwa kitu chengine chochote isipokuwa chaji.

Zile simu za chuma chuma, za mpira mpira, kama Oukitel WP19 yenye 21000 mAh, sikuzieka kwenye mizani kwa sababu ina uzito wa zaidi ya nusu kilo na si ya mtu wa kawaida. Lakini mvuvi anayelala baharini ama mtu wa ulinzi wa usiku porini asiipuuze.

Kwa hali yako

Uko juani kutwa, ramani imewashwa, soketi hamna: betri kubwa, lakini yenye prosesa ya nanomita 6 na wati si chini ya 30. Ikiwa pesa haifiki hapo basi 5000 nzuri na pawabanki kivulini, nayo ni sawa kabisa.

Uko kazini ama chuoni na soketi unaipata hata nusu saa: 5000 yenye chaji ya haraka. Binamu nimemwambia hivyo, nusu saa ya chakula cha mchana kwa wati 25 inamrudishia chaji ya kumfikisha nyumbani na ziada, na simu haimlemei mfukoni.

Unapiga picha za harusi, unauza nguo kwa Instagram, kamera ndo riziki yako: mtumba mzuri, na betri ibadilishwe mapema kwa fundi anayekupa dhamana ya kuandikwa, si ya mdomo.

Uko nyumbani muda mwingi: usinunue chochote. Mamangu simu yake ni ya 2021, haina tatizo, inazima magharibi tu. Betri mpya, na pawabanki moja ya nyumba ya siku ambazo stima haipo. Pesa iliyobaki ameshaipangia kazi yake.

Stima ya kwenu inakwenda na kurudi bila mpango: wati ni muhimu kuliko mAh. Stima ikija saa moja, mwenye wati 33 amekaribia kujaza, mwenye 10 bado yuko thelathini na kitu.

Na shemeji? Nilipokwenda kuitazama tuktuk yake nikakuta kumbe ana chaja, ile ndogo ya kuchomeka, inatoa wati 5. Wati 5 na ramani imewashwa na jua limepiga kioo, inayoingia na inayotoka ni sawa sawa, asilimia haisogei, betri inapikwa tu. Kwa hivyo yeye kabla ya simu anahitaji chaja ya gari ya maana ya volti 12, waya mzuri, na kishikio kikae upande wa kivuli. Baada ya hapo ndo tuone kama bado anaihitaji ile ya 6000, mie nadhani atahitaji, siku yake ni ndefu mno. Jumamosi tunashuka naye Mwembe Tayari, na nimemwambia aje na tuktuk yenyewe, chaja tuijaribu ikiwa imechomekwa humo humo kabla hajatoa pesa.